Kocha Asiye na Mamlaka Yake Mwenyewe

Nyunzu iko kwenye reli ya Kabalo kwenda Kalemie, mbali sana na Lubumbashi, lakini mapenzi yetu ya mpira yamekaa huko kusini tangu zamani. Hata mwaka 2015, Katanga ilipogawanywa na sisi tukawa mkoa wa Tanganyika wenye makao yake Kalemie, hakuna aliyehamisha moyo wake kutoka TP Mazembe, na wale ambao reli iliwafundisha kuipenda Lupopo, timu ya wafanyakazi wa reli, nao hawakuhama. Kilichobadilika ni mazungumzo. Ninakumbuka wakati ubishi wetu ulikuwa juu ya wachezaji: nani aanze, nani amechoka, nani ana mguu wa kushoto wa kutisha. Leo mechi ikiisha vibaya, jina la kwanza kutajwa ni la kocha, na swali ni lini tajiri atamwondoa. Badiliko hilo ninalichukulia kwa uzito. Naamini linaeleza jambo ambalo wengi wanalisoma vibaya. Watu husema makocha wetu hawadumu kwa sababu matajiri hawana subira. Mimi nasema hawadumu kwa sababu wanaingia kazini wakiwa na mamlaka ya kuazima, yote yametoka mfukoni mwa mtu mmoja, na kitu cha kuazima hurudishwa siku yoyote mwenyewe akikihitaji.

Chanzo cha habari hii ni cha zamani kuliko matajiri wa leo. Mwaka 1974 Zaire ilikwenda kwenye Kombe la Dunia huko Ujerumani Magharibi, na mwenye timu alikuwa Mobutu mwenyewe. Kocha alikuwa Blagoje Vidinić, Myugoslavia. Tarehe 18 Juni, mjini Gelsenkirchen, timu ilikutana na Yugoslavia, na mabao yalipofika matatu kabla ya nusu saa, kipa Kazadi alitolewa na kuingizwa Tubilandu. Kazadi alikuwa wa Lubumbashi, kipa wa Mazembe. Tubilandu alikuwa wa Vita Club ya Kinshasa. Mchezo uliisha 9-0. Baadaye Vidinić alieleza kwamba amri ya kumtoa kipa haikuwa yake, ilitoka kwa mjumbe wa wizara aliyekuwa pamoja na timu. Huku Katanga tumelisimulia jambo hilo kama dhuluma ya Kinshasa dhidi ya mtoto wetu, na sishangai. Lakini nikilitazama tena naona zaidi ya ugomvi wa miji miwili. Kocha alikuwepo, ana mkataba, ana ujuzi, na ndiye aliyeifikisha timu pale. Hata hivyo neno la mwisho halikuwa lake, kwa sababu hakuwa na kitu chochote Zaire ambacho Mobutu hakumpa. Na dola ilipokasirikia matokeo yale, ilikunja mkono wake, na mpira wa Zaire ukadhoofika kwa miaka mingi. Hapo ndipo tulipojifunza kwamba mwenye timu akiondoka, timu nzima huondoka naye, na woga huo haujatutoka.

Ndiyo maana Moïse Katumbi alipochukua uongozi wa Mazembe mwaka 1997 alipokelewa kama mkombozi, na kwa haki kabisa. Klabu iliyoanzishwa na wamisionari Wabenedikto mwaka 1939, iliyotwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968 ikiitwa Englebert, ilikuwa imebaki na sifa tu. Chairman, kama mashabiki wanavyomwita, alilipa mishahara kwa wakati, akasajili kutoka Zambia, Ghana na Tanzania, akajenga uwanja mpya Kamalondo na akafungua chuo cha vijana. Mwaka 2009 Mazembe ilirudi kileleni mwa Afrika chini ya Diego Garzitto. Mwaka 2010 ikatetea kombe, ikiifunga Espérance ya Tunis 5-0 mjini Lubumbashi, na mwezi Desemba, chini ya Msenegali Lamine N'Diaye, ikaitoa Internacional ya Brazil 2-0 mjini Abu Dhabi na kucheza fainali ya klabu za dunia dhidi ya Inter Milan. Timu ya kwanza ya Afrika kufika hapo ilitoka Katanga. Anayetaka kuzungumzia madhara ya tajiri mmoja lazima kwanza ayakubali haya yote, bila kuyapunguza.

Hapo ndipo hoja yangu inaanza kuwa ngumu. Mtu ataniambia: mwaka 2009 kocha mmoja, mwaka 2010 mwingine, na bado kombe lilikuja, basi kubadilisha makocha hakuna ubaya. Jibu limo katika majina ya wachezaji. Kidiaba golini, Kimwaki nyuma, Mihayo katikati, Kaluyituka na Kabangu mbele: mgongo wa timu ulikuwa uleule, umezoeana kwa misimu kadhaa. Kocha aliyeingia alikuta nyumba imesimama. Tena Garzitto na N'Diaye hawakuachwa katika hali moja. N'Diaye, alipopisha benchi mwaka 2013 kwa Patrice Carteron, hakufukuzwa klabuni. Alifanywa mkurugenzi wa ufundi. Kwa tendo hilo Mazembe ilionyesha kwamba ilijua, hata kama haikulisema, kuwa kocha anaweza kuwa mtu wa nyumbani na si kibarua wa msimu.

Kisha ilisahau. Tazama kilichofuata baada ya ubingwa wa tano, ule wa Novemba 2015, Mazembe ilipoifunga USM Alger nje na nyumbani, Mbwana Samatta akiwa miongoni mwa wafungaji bora wa mashindano. Mwezi uliofuata, huko Japani, timu ilipoteza mechi mbili za klabu bingwa ya dunia, dhidi ya Sanfrecce Hiroshima na Club América, na Carteron na klabu wakaachana. Januari 2016 akaja Hubert Velud. Mwezi huohuo Samatta akaenda Genk, Ubelgiji. Velud alitwaa Super Cup, akatolewa na Wydad katika Ligi ya Mabingwa, akashushwa kwenye Kombe la Shirikisho na kulitwaa. Hata hivyo mwaka ulipoisha naye aliondoka. Akafuata Thierry Froger, ambaye hakufika hata katikati ya mwaka 2017: sare mbili na CAPS United ya Zimbabwe ziliiondoa Mazembe kwa bao la ugenini, na kibarua chake kikaota nyasi. Makocha watatu Wafaransa, chini ya miezi kumi na sita, wawili kati yao wakiwa na makombe ya Afrika mikononi. Hakuna aliyeuliza kikosi kimepoteza nani.

Kwa nini hivyo? Si kwa sababu ya hasira ya mtu. Klabu yetu haina wanachama wanaoimiliki kwa hisa, haina fedha za maana za televisheni, na tiketi za uwanjani haziwezi kurudisha gharama za safari na mishahara. Bingwa wa Afrika mwaka 2015 alipewa dola milioni 1.5, na hizo si fedha za kumrudishia mtu alichotumia kwa miaka. Malipo pekee anayoyapata mwenye mfuko ni utukufu, na utukufu hupatikana katika mechi mbili tatu za mtoano. Kocha anayepoteza mechi hizo ameharibu malipo ya mwaka mzima. Kwa kulinganisha, Chelsea ya Roman Abramovich ilimfukuza Roberto Di Matteo Novemba 2012, miezi sita tu baada ya kumpa Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, na haikuyumba, kwa sababu fedha za televisheni za Uingereza humwezesha tajiri kununua timu nyingine msimu unaofuata. Wetu akimfukuza kocha huku Samatta ameuzwa, hana soko la kumrudishia Samatta mwingine.

Sasa waangalie waliodumu. Baada ya Froger, benchi lilipewa Pamphile Mihayo, yuleyule wa kiungo cha Abu Dhabi. Akatwaa Kombe la Shirikisho 2017 dhidi ya SuperSport United, akafika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa 2019, akakaa miaka kadhaa. Wapo wanaosema alidumu kwa sababu tajiri hakuwepo: Katumbi alikuwa ameondoka nchini Mei 2016 kwa mzozo wa kisiasa, akarudi Mei 2019. Maelezo hayo yanavutia lakini hayatoshi. Froger naye alifukuzwa tajiri akiwa ng'ambo, na Mihayo aliendelea kukaa baada ya tajiri kurudi. Tofauti yao ni kwamba Mihayo hakuhitaji mtu yeyote ampe heshima mbele ya wachezaji wala jukwaa la Kamalondo. Alikuwa nayo kabla ya mkataba. Kumfukuza yeye kulikuwa na gharama. Kumfukuza Froger hakukuwa na gharama yoyote.

Florent Ibenge ni mfano mkubwa zaidi. Rais wa Vita Club alikuwa Jenerali Gabriel Amisi, na sijui kama yupo mwajiri mgumu zaidi wa kubishana naye. Ibenge alikaa hapo tangu 2014 mpaka 2021, akapoteza fainali ya Ligi ya Mabingwa kwa Sétif mwaka 2014 na fainali ya Kombe la Shirikisho kwa Raja mwaka 2018, na hakutimuliwa kwa yoyote. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo alikuwa pia kocha wa taifa. Alikuwa na mguu mmoja Vita na mwingine kwenye Léopards, na aliyetaka kumsukuma alijua kwamba hataanguka.

Ng'ambo ya ziwa, huko Tanzania, wana ushahidi wa upande wa pili, na haki inanitaka niutaje. Tajiri Yusuf Manji alipojiuzulu Yanga mwaka 2017, klabu ilifilisika kiasi cha wachezaji kukosa mishahara. Aliyeibeba alikuwa Mkongomani, Mwinyi Zahera, msaidizi wa Ibenge kwenye timu ya taifa, aliyeanza kazi 2018 na kujikuta akihamasisha michango ya wanachama ili wachezaji wale. Hakuna kocha aliyepata mamlaka ya namna ile, na yalitoka kwa mashabiki moja kwa moja. Lakini Novemba 2019, baada ya kutolewa na Pyramids ya Misri, naye alifukuzwa. Kwa hiyo sisemi kwamba kuondoa tajiri kunamwokoa kocha. Klabu isiyo na fedha humla kocha wake kwa njia nyingine, humgeuza mkusanya michango, kisha humhukumu kwa mabao. Simba nao walipokubali kumpa tajiri Mohammed Dewji asilimia 49 kwa shilingi bilioni 20, wanachama wakibaki na 51, nilitumaini kwamba mgawanyo huo ungempa kocha nafasi ya kupumua. Haukumpa. Kocha wao Robertinho aliondolewa siku mbili baada ya kufungwa 5-1 na Yanga, Novemba 2023. Wanachama wengi wakikasirika kwa pamoja hawana tofauti na mtu mmoja aliyekasirika.

Wanaotetea haki ya mwenye fedha husema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Sawa, tajiri ana haki ya kumwajiri kocha na haki ya kumwondoa, sijawahi kuikana. Ninachokana ni kwamba uamuzi huo ufanywe bila mtu wa ufundi kati yao, mwenye uwezo wa kusema hapana. Msimu wa 2024/25 ulitupa mtihani wa wazi. Yanga walimtimua Miguel Gamondi katikati ya Novemba, aliyekuwa amewapa ligi na kombe la shirikisho la Tanzania, kwa sababu ya vipigo viwili mfululizo vya Azam na Tabora United. Siku kumi na moja baadaye, katika kundi la Ligi ya Mabingwa ya Afrika, kocha mpya Sead Ramovic aliiongoza timu asiyoijua dhidi ya Al Hilal ya Sudan, nyumbani, akafungwa 2-0. Mechi iliyofuata, kwa MC Alger, tena 2-0. Kundi lilipokwisha, Yanga walikosa robo fainali kwa pointi moja. Aliyeongoza kundi hilo alikuwa Al Hilal, klabu ambayo vita viliinyima hata uwanja wa nyumbani ikabidi icheze Mauritania, na kocha wake wa tangu 2022 alikuwa Ibenge.

Ni kweli kwamba Yanga walitwaa ubingwa wa Tanzania msimu huohuo, wakiwa na Miloud Hamdi, kocha wa tatu. Ligi ya nyumbani ina mechi za kutosha kusahihisha kosa. Kundi la Afrika lina sita. Na ni kweli pia, na kwetu inauma zaidi, kwamba wa mwisho katika kundi hilo alikuwa Mazembe, ikiongozwa na N'Diaye aliyerudishwa mwaka 2023, mtu wa nyumbani hasa, aliyetufikisha nusu fainali mwaka 2024. Wapo Nyunzu waliolitumia hilo kunifunga mdomo. Lakini mamlaka ya kocha hayafungi mabao. Yanampa muda na sauti ya kusema kikosi kinahitaji nini. Sauti hiyo N'Diaye alikuwa nayo kuliko mgeni yeyote. Kama aliitumia akasikilizwa, au aliitumia asisikilizwe, hilo ndilo swali ambalo Kamalondo inapaswa kulijibu kabla ya kumtafuta mwingine wa kumshusha kwenye ndege.