Namba za Baba

Tukisema mila hapa Lubumbashi, tunafikiri kwanza ngoma, ndoa na bukari. Leo nataka kutaja mila moja ya garaji: kutunza kitu cha muzee.

Baba alituachia Peugeot 504. Aliisimamisha chini ya mwembe mwaka 2003, ule mwaka wafanyakazi zaidi ya 10 000 waliacha kazi ya Gécamines, yeye pia. Nilipoiamsha, moteri ilikubali, lakini vipimo vyote vya tablo vilikuwa vimekufa. Sikujali. Nikamchukua Mama, tukashika barabara ya Likasi, kilometa 120 hivi. Katikati ya njia maji yalichemka, na hakuna shindano iliyonionya. Mama alikaa kando ya barabara mpaka magaribi.

Ndipo nilienda kwa fundi mmoja muzee wa Kamalondo. Akachomoa tablo yote, akaiweka juu ya kitambaa. Kumbe vipimo vyenyewe vilikuwa vizima, ugonjwa ulikuwa njiani. Kipimo cha esanse kinafuata boya lililo ndani ya tangi. Boya lilikwama kwa kutu. Kipimo cha joto, waya yake ilikatika ku moteri. Kipimo cha mbio hakitaki umeme: kabulo inazunguka toka bwate ya vitesi, inazungusha sumaku, na sumaku inavuta shindano bila kuigusa. Kabulo ilikuwa imekauka, akaipaka mafuta kidogo tu.

Ikabaki konteri ya kilometa. Kagurudumu kamoja ka meno kalivunjika. Fundi akapata kengine ku motokari ya zamani, halafu akaniuliza:

"Mwana, namba iko ku 86 412. Tuirudishe ku 40 000? Utauzisha muzuri."

Msomaji, sitaficha: nilitamani. Mnunuzi alikuwako, na minervale ya mtoto ku iniversite ilikuwa inangoja. Nikaomba usiku mmoja.

Nyumbani nilifungua daftari ya Baba. Kila mara akiweka esanse aliandika tarehe, kilometa, na lita. Mstari wa mwisho, wa 2003, unasema 86 398. Kilometa 14 za mwisho hakuziandika. Nikarudi nyuma: safari ya Kolwezi kumzika bibi, safari za kutupeleka shuleni. Wazee wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Baba alikuwa na daftari mbili, moja mkononi, moja ndani ya tablo. Nikirudisha namba, hii moja itamfanya yule mwingine aonekane mwongo.

Asubuhi nikamwambia fundi: "Muzee, uache namba vile iko."

Akacheka kidogo. "Njo vile," akasema.

Mnunuzi aliposikia namba, akapunguza bei sana, nami nikakataa. Minervale nililipa kidogo kidogo, kwa shida. Kutengeneza kitu cha muzee si kukifanya kijana. Ni kukirudishia sauti yake, kiseme kweli.

Mwezi uliofuata nilimpeleka Mama tena Likasi, macho yangu ku shindano ya joto. Tulifika salama. Konteri ilisoma 86 535. Nikachukua daftari, nikaandika namba ile chini ya mwandiko wa Baba.