Usiku wa Kawangware na Usingizi wa Mjukuu



Mwezi wa Julai nilitoka Mombasa kwenda Nairobi kumzuru binti yangu na mumewe, wakaazi wa Kawangware, upande wa magharibi wa jiji. Nilisali Laasiri katika Msikiti wa Jamia, uliojengwa kati ya 1925 na 1933 katikati ya mji, kisha nikapanda matatu ya nambari 46 ipitayo Hurlingham. Muziki ulivuma hata viti vikatetemeka. Kando yangu mtoto mchanga alilala mapajani mwa mamake, na kila breki ilimgutusha. Magari yalijipanga foleni, na Magharibi ikatukuta njiani.

Usiku ule nilistaajabu. Mjukuu wangu, mwenye umri wa miaka mitatu, alikuwa akikimbia sebuleni hadi saa tano, macho mekundu, akilia kwa kila neno. Saa kumi na mbili asubuhi akaamshwa kwa nguvu aende chekechea. Nilitaka kumkemea binti yangu, lakini akanijibu kwa upole: “Mama, babake hurudi saa tatu na nusu. Nikimlaza mapema, wataonana lini?”

Sikuwa na jibu.

Jua la Nairobi huchwa karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, kama la kwetu pwani. Tofauti ni kwamba huko usiku hauingii nyumbani jua linapochwa, barabara huuchelewesha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, lilieleza kwamba mtoto wa miaka mitatu au minne huhitaji usingizi wa muda wa saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na ule wa mchana. Wetu alipata saba za usiku, na moja ya mchana. Mtoto aliyekosa usingizi hasinzii kimya kama mtu mzima. Huzidi kuchachawa, nasi tukadhani hana usingizi.

Tulikaa watatu tukashauriana. Mtume (s.a.w.) ametufunza kuwazuia watoto ndani usiku uingiapo, wala hakupenda mazungumzo baada ya Isha. Basi tukaamua nyumba ijifanyie usiku wake. Baada ya Magharibi runinga ilizimwa na simu zikawekwa mbali, kwani mwanga wake huuhadaa mwili ukadhani bado mchana. Mtoto alikula, akaogeshwa kwa maji ya uvuguvugu, akasomewa dua ya kulala na kusimuliwa kisa kimoja tu, kilekile kila siku. Nairobi iko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, na leso ya Mombasa haitoshi. Alivishwa soksi na fulana nzito. Jiko la makaa lilitolewa nje, kwa kuwa hewa yake katika chumba kilichofungwa huua.

Na baba je? Tulimpa alfajiri. Akishasali, alimchukua mwanawe aliyekwisha kushiba usingizi, wakanywa chai pamoja kabla ya yeye kutoka kwenda kazini.

Usiku wa kwanza mtoto alilia, na baba, alipoingia akakuta taa zimezimwa, alisimama mlangoni kwa huzuni. Haikuwa rahisi kwake. Lakini kufikia siku ya nane mtoto alikuwa akisinzia kabla ya saa mbili na nusu, na asubuhi aliamka mwenyewe akimwita babake.

Kina mama wenzangu, tulio na watoto wetu mijini, tusiwalaumu kwa haraka. Tuwaulize kwanza nani hurudi saa ngapi, kisha tuwasaidie kuipanga siku upya. Mwenyezi Mungu ameufanya usingizi kuwa pumziko. Tusiwanyime wadogo haki yao hiyo, wala tusiwanyime baba zao.

Wabillahi tawfiq.