USIJIWEKEE LENGO LITAKALOKUFUKUZA NYUMBANI

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu yangu katika imani, leo nakusimulia jambo ambalo kwa miaka mingi niliona aibu kulisema.

Mimi ni mtoto wa Nyansurura, huku Mara. Nilipoondoka kwenda Mwanza kutafuta maisha, nilimwahidi baba mbele ya ndugu zetu: "Baba, mwaka mmoja tu, nitarudi kukujengea nyumba ya bati." Nyumba yetu ilikuwa ya nyasi. Mvua kubwa ikinyesha, tulihamisha magodoro kutoka kona hii hadi ile. Watu walinisifu, baba akaniombea dua, nami nikajiona mwanamume.

Lakini sikuwa nimepiga hesabu yoyote. Sikujua bati moja ni shilingi ngapi, wala sikujua nitapata kazi gani. Nikawa natembeza mitumba mtaani. Siku nyingine napata ya chakula na ya pango, siku nyingine ya chakula tu. Mwaka ukaisha sina hata tofali moja.

Hapo ndipo shetani alipopata mlango. Hakuniambia nimtupe baba. Aliniambia neno linalofanana na heshima: "Utaendaje mikono mitupu? Kamilisha kwanza." Nikasubiri nikamilishe. Idd ikaja, sikwenda. Simu ya nyumbani ikiita, naiacha iite, maana najua nitaulizwa. Ukapita mwaka wa pili, ukaingia wa tatu. Kisha nikapigiwa simu alfajiri. Nilipofika, baba alikuwa ameshazikwa, na udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi.

Usiku ule mama aliniambia, wala hakunilaumu: "Mwanangu, baba yako alikuwa anauliza utakuja lini. Nyumba hakuwahi kuiuliza."

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Ndugu yangu, kosa langu halikuwa kuweka lengo. Kosa langu lilikuwa kujibebesha mzigo ambao Allah hakunibebesha, kisha kwa aibu ya mzigo huo nikaacha wajibu niliokuwa nauweza: kumtembelea mzazi wangu na kumjulia hali.

Mkumbuke Abdullah bin Amr (r.a.). Alikuwa kijana mwenye nguvu, akaazimia kufunga kila siku na kusimama usiku kucha maisha yake yote. Mtume (s.a.w.) alipopata habari, akamkumbusha kwamba mwili wake una haki, macho yake yana haki, na mke wake ana haki. Akampa siku tatu kwa mwezi. Abdullah akasema anaweza zaidi, akazidi kuomba, mpaka ikaishia kufunga siku moja na kula siku moja, saumu ya Nabii Daud (a.s.). Na alipozeeka alitamani lau angeipokea ile ruhusa ya mwanzo. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim. Ikiwa sahaba alilemewa, mimi na wewe je?

Usidhani hatua ndogo hazifiki mbali. Tafsiri ya Qurani Takatifu ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy, ambayo wengi wetu tunayo nyumbani, ilitoka kwanza kwa vipande, na kitabu kizima kikatoka 1969. Huyu alikuwa mwalimu wa shule mwenye kazi zake. Wewe unataka kuhifadhi Juzuu Amma? Ina aya 564. Ukishika aya tatu kwa siku, ni siku 188. Si mwaka mzima.

Kwa hiyo, kabla hujatamka lengo lako, jiulize mambo matatu.

Kwanza: naweza kulianza leo, kwa nilicho nacho mkononi?

Pili: ninaahidi kitendo changu, au ninaahidi matokeo? Kitendo ni chako, matokeo ni ya Allah. Ndiyo maana Suratul Kahf inatufundisha tusiseme tutafanya jambo kesho bila kusema Insha Allah.

Tatu: nikiteleza siku moja, naweza kurudi kesho bila kujificha? Lengo likikufanya uwakimbie watu wako, lipunguze.

Baada ya msiba nilibadilisha ahadi. Sikusema tena "nitajenga." Nilisema: kila siku ya kazi, shilingi 2,000 kwenye kibubu. Kila Ijumaa baada ya swala, nampigia mama. Kila Idd naenda nyumbani, hata kama nimebeba kilo moja ya sukari. Siku 25 za kazi ni shilingi 50,000 kwa mwezi, na kwa mwaka 600,000. Mwaka wa kwanza tulichoma tofali. Mwaka wa tano, kwa idhini ya Allah, mama alihamia kwenye vyumba viwili vya bati.

Baba hakuviona. Hilo nitalibeba, nami namwombea kila nikisujudu.

Wewe ambaye leo huendi kwenu kwa sababu "hujajipanga," na wazazi wako bado wako hai: piga simu sasa hivi. Lengo litakusubiri. Wao hawana ahadi hiyo.

Ee Allah, warehemu wazazi wetu, na utupe amali ndogo zenye kudumu. Amin.

Wabillahi tawfiq.