Cheti cha mtandaoni nani atakitia muhuri?

Juzi kijana wa Kawangware aliniletea vyeti vyake vya programu, vyote alivyosomea kwenye intaneti. Nilimpa kazi ndogo kwenye tarakilishi yangu hapa Westlands, akaimaliza kabla chai haijapoa. Lakini afisi moja katikati ya jiji ilimrudisha: lete digrii inayotambuliwa.

Hili si geni Nairobi. AVU, chuo kikuu cha mtandaoni cha Afrika, kilianza 1997 kama mradi wa Benki ya Dunia, masomo yakirushwa kwa setilaiti hadi vyuo kama Kenyatta. Baadaye makao yake yakahamia hapa. Mitambo ilipatikana, muhuri ndio ulioleta maneno.

Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake Agosti 2023, kwa hivyo digrii zake zinatambuliwa. Safi. Ila sisi waandika programu hudhani sahihi ya kidijitali itamaliza kila kitu. Wapi! Inathibitisha nani alitoa cheti, haisemi nani alifanya mtihani. Mimi ningetaka mtihani wa mwisho ufanywe ana kwa ana, kitambulisho mezani. Nilimwuliza kijana. Akasema hata kesho atapanda matatu.