Mawifi Walimsema Hazai, Kumbe Stori Iko Kwenye Vidonge vya Mume

Ukimuona DJ huyu kwenye harusi za Mbeya mjini, huwezi kudhani anaumwa. Pamba kali, mwili upo, mikono haitulii kwenye mashine. Lakini kwenye begi la nyaya na maiki kuna kimfuko cha vidonge ambacho kwa muda mrefu hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Hata mkewe.

Jamaa ni mtoto wa Ikombe, Kyela, kijiji kilichobanwa kati ya Ziwa Nyasa na milima ya Livingstone. Kule ni kwa Wakisi, wale wa vyungu. Mama yake anafinyanga, na vyungu vyao vinavuka kwa mtumbwi kwenda kuuzwa Matema. Alipooa, mwaka wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, mtoto hakuna. Unajua maneno yalimwangukia nani. Mawifi wakaanza: "Kaka kaoa mti mkavu."

Wasichojua ni kwamba kaka yao ana ugonjwa wa vidonda na uvimbe kwenye utumbo mpana, ule wataalamu wanauita alsaretivu kolaitisi. Ulianza kwa kuharisha damu. Kila mtu akasema ameba. Akameza dawa za ameba mara tatu, wapi! Hospitalini wakapima choo kwanza, wakatafuta minyoo na maambukizi mengine, maana kuna dawa za kushusha kinga ambazo ukipewa huku una minyoo iliyojificha unaweza kupata balaa kubwa. Halafu wakapitisha kamera kwa njia ya nyuma, ndipo jibu likapatikana.

Huu ugonjwa hauambukizi na si wa kurogwa. Kinga ya mwili inavamia ukuta wa utumbo wake yenyewe. Dawa zinatuliza uvimbe, ugonjwa unalala. Unalala tu, haufi. Ndiyo maana vidonge vinaendelea hata siku unajisikia fresh kabisa.

Alianza na predinisoloni, asubuhi baada ya kula, dozi ikipunguzwa kidogo kidogo. Hiyo ukiitumia wiki nyingi halafu ukaikata ghafla, unaweza kuishiwa nguvu mpaka kuanguka, kwa sababu mwili ulishaacha kutengeneza ya kwake. Kisha akawekwa kwenye sulfasalazini. Ni dawa ya zamani: daktari mwanamke wa Sweden, Nanna Svartz, aliitengenezea watu wa baridi yabisi, akaona inawasaidia na wenye utumbo huu, na matokeo yake akayachapisha mwaka 1942. Inageuza mkojo kuwa rangi ya chungwa, usishtuke. Inataka maji ya kutosha, vidonge vya foliki asidi, na kupima damu mara kwa mara, hasa miezi ya mwanzo.

Kosa lake la kwanza lilikuwa mgongo. Kubeba spika si mchezo, akapita duka la dawa akachukua diklofenaki. Nayo inaitwa dawa ya kupunguza uvimbe, si ndiyo? Jina moja, kazi tofauti. Diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuuamsha ugonjwa huu. Siku chache tu, damu ikarudi. Daktari alipomuuliza amemeza nini, akajibu: "Hamna, za maumivu tu." Hizo "tu" ndizo zilizomponza. Siku hizi kwa maumivu madogo anameza paracetamol.

La pili ndilo lililotaka kuvunja nyumba. Usiku mmoja akasoma kwenye simu kwamba sulfasalazini hupunguza mbegu za kiume. Hakumwambia mtu. Akaacha vidonge kimyakimya, akisubiri mimba, huku mkewe anasemwa. Wiki kadhaa baadaye, katikati ya harusi ya watu, akakimbilia chooni na hakurudi kwenye mashine. Kesho yake mke akafungua begi.

"Mume wangu, dada zako wananitukana, na wewe sababu unaijua?"

Hakuwa na jibu. Wakaenda kliniki wote wawili. Daktari akasema alichosoma ni kweli: kwa wanaume wengi mbegu hupungua na kulegea, ila hurudi kawaida, mara nyingi miezi 2 hadi 3 baada ya kubadilishiwa. Angeuliza tu. Akahamishiwa mesalazini, ya familia hiyohiyo lakini bila tatizo hilo. Bei yake imechangamka kidogo, na figo lazima zipimwe. Kidonge kinamezwa kizima, hakisagwi, kwa sababu gamba lake ndilo linaloifikisha dawa utumboni.

Sikukuu iliyofuata walishuka Ikombe. Mbele ya mama na dada zake jamaa akasema: "Kama mtoto amechelewa, tatizo ni langu, muacheni mke wangu." Mawifi kimya. Mama akauliza kitu kimoja: "Dawa ya leo umeshakunywa?"

Mtoto bado, ila mke sasa ndiye anayeshika tarehe za vipimo. Haya wadau, nyumba ngapi mwanamke anabeba lawama wakati jibu liko kwenye begi la mume? Na ungekuwa wewe ndiye huyo mke, ungebaki?