Mbali ni Wapi?

Usiku ule kaka aliponiambia, "Dogo, mimi navuta unga," mama alisikia kutoka jikoni. Akaja na mwiko mkononi, akauliza, "Unga gani tena? Si nimetoka mashineni juzi tu?" Tukatazamana mimi na kaka. Ingekuwa siku nyingine tungecheka. Kwetu Pito, ndugu msomaji, unga ni wa mahindi au wa ulezi, na shida ya unga ni kuukosa. Ilikuwa Juni 2018, ule upepo wa baridi wa Ufipa unapita chini ya mlango, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumweleza mama kwamba huko Dar kuna unga mwingine, unauzwa kwa kete, na mwanawe wa kwanza ni teja.

Kaka aliondoka nyumbani mwaka 2009 kwenda kuuza mitumba Kariakoo. Miaka ya kwanza alituma hela, akatuma na simu. Halafu zikaja simu za kuomba hela. Halafu kimya. Alipotokea safari hii suruali ilikuwa imefungwa kwa kamba ya katani, na mashavu yake aliyaacha hukohuko. Majirani walishakata kesi kabla hajala chakula cha jioni: amerogwa. Sisi ni watu wa Sumbawanga, jina ambalo wenyewe hulitafsiri kuwa "tupa uchawi", na watu hutoka mbali kuja kutafuta waganga kwetu. Kwa hiyo ilikuwa vigumu mtu kukubali kwamba ugonjwa huu umetoka kwingine na mganga wetu haujui.

Kuhusu arosto nitasema kwa kifupi, maana sipendi kuikumbuka. Mwili ukishaizoea heroini, kila baada ya saa chache unaidai. Usipoupa, unakuadhibu. Kaka alitetemeka na huku anatoka jasho, alitapika, aliharisha, alilia kwamba kuna mtu anamkwangua mifupa kwa ndani. Siku ya pili na ya tatu ndizo zilikuwa mbaya zaidi. Mama alikaa naye, anamnywesha uji wa ulezi kwa kijiko kama mtoto, akitapika anaanza tena. Siku ya nane aliamka, akaoga mwenyewe, akaomba ugali. Mama alikwenda kanisani kutoa shukrani. Nami nilijua mambo yamekwisha.

Kumbe yalikuwa hayajaanza.

Alikaa miezi sita. Alinenepa. Alivuna maharage pamoja nasi, jioni anatusimulia mambo ya Bongo mpaka mbavu zinauma. Desemba akasema anakwenda Dar kufuata vitu vyake kwa rafiki yake, wiki moja tu. Siku ya tatu ikapigwa simu na mtu tusiyemjua. Kaka alikuwa amekutwa amelala kijiweni, midomo imekuwa ya bluu, anapumua kwa kuhesabu. Washikaji walimpakia kwenye bajaji, wakamwahisha hospitali. Akapona, kwa bahati.

Baadaye ndipo mhudumu mmoja wa afya alipotueleza jambo ambalo tungelijua mapema tusingempeleka mtu stendi kwa shangwe. Miezi sita ya usafi ilikuwa imeuondolea mwili wa kaka ile ngao ya mazoea. Yeye akavuta kiasi kilekile cha zamani, na mwili ukakipokea kama mgeni. Watu wengi hufa hivyo, akasema, si wakati wanapotumia kila siku bali wanaporudia baada ya kukaa bila. Arosto inaisha kwa wiki moja. Uteja ni jambo jingine, unaweza kukaa kimya nusu mwaka ukisubiri nauli.

Februari 2019 kaka akarudishwa Pito, na kikao cha ukoo kikakaa. Baba alishafariki, kwa hiyo mwenyekiti alikuwa baba mdogo. Alikuwepo shangazi, alikuwepo bibi kwenye kigoda karibu na moto, na mimi nikapewa nafasi ya kusema kwa sababu nilikuwa msomi wa nyumba, nimemaliza kidato cha nne.

Njia zilikuwa kama ifuatavyo. Ya kwanza, abaki Pito, mama amchunge. Ya pili, apelekwe kwenye nyumba ya upataji nafuu, alale huko miezi kadhaa. Hizo zilitaka ada ya kila mwezi ambayo sisi hatukuwa nayo hata tungeuza paa. Ya tatu, methadone. Dawa hii hutolewa bure na serikali, lakini mgonjwa analala kwake na kila siku anakwenda kliniki kuinywa mbele ya mhudumu. Dar ilianza Muhimbili mwaka 2011, ikafuata Mwananyamala, kisha Temeke. Mbeya nayo ilikuwa imeshapata kliniki, kwenye hospitali ya rufaa ya kanda. Sumbawanga mwaka ule haikuwepo.

Kutoka kwetu hadi Mbeya ni zaidi ya kilometa 300. Unapita Laela, unafika Tunduma, unapita Vwawa na Mlowo, ndipo unaingia Mbalizi. Huwezi kwenda na kurudi kila siku. Maana yake ni kuhama.

Baba mdogo akashika kichwa. "Yaani mtu ahame mkoa, apange chumba, kwa ajili ya kikombe kimoja cha dawa? Tena dawa yenyewe nasikia ni kileo kingine!"

Nilimjibu kama nilivyoelezwa na yule mhudumu. Kweli methadone ni ya ukoo mmoja na heroini, na ndiyo maana inaweza kuunyamazisha ule udai wa mwili. Lakini inanywewa, haivutwi wala haichomwi sindano. Inapanda polepole, inakaa mwilini siku nzima na zaidi. Kipimo kikikaa sawa, kikombe cha asubuhi kinamfikisha mtu hadi asubuhi nyingine bila arosto na bila kulewa, na hapo katikati anaweza kufanya kazi. Nililieleza vizuri sana. Halafu, msomaji wangu, nikashauri abaki Pito.

Nilisema nyumbani hakuna unga, na hiyo ilikuwa kweli. Nilisema mcheza kwao hutunzwa. Shangazi akapiga makofi. Jambo ambalo sikulisema ni kwamba tulikuwa na maksai wawili, na mama alishaniahidi kuwa maksai hao ndio ada yangu ya chuo cha ualimu. Barua ya kuchaguliwa nilikuwa nayo ndani ya begi. Kila aliyetaja Mbeya mimi nilikuwa namwona anavuta kamba ya maksai wangu. Nimekaa na jambo hili miaka mingi bila kumwambia mtu, leo naliandika.

Mama hakumjibu yeyote. Alimgeukia kaka, aliyekuwa amejikunja kwenye kona na blanketi, akamuuliza, "Na wewe mwenyewe unasemaje?"

Hakuna aliyekuwa amefikiria kumuuliza.

Kaka akasema, "Mama, hapa nitakaa vizuri mpaka siku nitakayoondoka. Na nitaondoka. Siwezi kufungiwa Pito maisha yote kama mbuzi." Dar je? "Dar namjua kila muuzaji kwa jina, na wao wananijua. Nitatoka kliniki saa tatu, saa nne niko kijiweni." Akanyamaza kidogo. "Mbeya simjui mtu."

Maksai waliuzwa Jumamosi iliyofuata.

Kliniki walitaka ndugu wa karibu wa kumsindikiza, na huyo ndugu nikawa mimi. Tulipita Tunduma mchana, kaka ameinamisha kichwa kati ya magoti. Aliniambia baadaye kwamba pale mpakani angeweza kuutafuta unga na kuupata kabla abiria hawajamaliza kununua mahindi ya kuchoma. Mbeya tulipanga chumba kimoja, cha bei ya chini, kwa sharti moja tu: tuweze kwenda hospitali kwa miguu. Hilo tulilipata kwa akili ya mama. Alisema ukitegemea nauli, siku utakayokosa nauli ndiyo siku utakayokosa dawa.

Usidhani mambo yalinyooka. Kwanza kulikuwa na mahojiano, vipimo, ushauri. Dawa yenyewe huanzwa kwa kipimo kidogo na kupandishwa taratibu, maana ikipewa nyingi kwa haraka inaweza kuua. Kwa hiyo wiki za mwanzo kikombe hakikumfikisha asubuhi. Ikifika usiku anaanza kupiga miayo, machozi yanamtoka, anazunguka chumba. Wiki ya tatu akatoka jioni, akarudi usiku macho madogo. Yule asiyemjua mtu Mbeya alikuwa ameshamjua mtu.

Nililia usiku ule, lakini nilikuwa nalilia maksai. Asubuhi nikampeleka kliniki kama mtu anayempeleka mwizi kituoni, nikamweleza muuguzi yote kwa sauti ya juu. Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho, akamtazama kaka, akaniuliza, "Leo amekuja?" Nikasema amekuja, si huyu hapa. "Basi mlete na kesho." Wakazungumza naye, kipimo kikaendelea kurekebishwa siku zilizofuata.

Mimi nikapata kazi Mwanjelwa, nauza maharage. Mama anapakia gunia kwenye lori Sumbawanga, mimi nalipokea Mbeya, na kodi ya chumba ikatoka humo. Kufikia Juni kaka alikuwa anakunywa dawa saa mbili asubuhi, saa tatu yuko nami sokoni anabeba magunia.

Agosti bibi akafariki.

Kwetu mjukuu wa kwanza hakosi msiba wa bibi. Simu zilipigwa tangu usiku. Muuguzi alisema kukosa siku moja si mwisho wa dunia, ila zikiwa kadhaa mfululizo kipimo hushushwa na safari huanza upya, kwa sababu ileile iliyotaka kumuua Dar: mwili husahau. Kwa hesabu zangu ingewezekana: anakunywa asubuhi, tunapanda basi, tunazika kesho yake, tunageuza usiku. Nilishakata tiketi mbili.

Kaka alikaa kitandani na viatu mikononi. "Dogo, nikikosa moja nitakosa na ya pili. Tena nitakuwa nimeshapita Tunduma. Nenda wewe. Mwambie mama."

Nilikwenda peke yangu. Sitasahau macho ya watu pale kaburini. Baba mdogo alisema mbele ya waombolezaji kwamba kuna wajukuu wa mjini, hawana adabu wala hofu. Shangazi alikataa salamu alizotuma. Nilimtazama mama. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, kanga imefunika nusu ya uso, hakumtetea mwanawe wala hakumlaumu. Usiku aliniita pembeni, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Leo amekunywa?" Nikasema nimeongea naye kwa simu, amekunywa. Akatikisa kichwa, akarudi kukaa na wenzake.

Nilikaa Pito siku nne. Niliporudi Mbeya nilimkuta kaka sokoni, na maharage yote yameuzwa, na hesabu imeandikwa kwenye kipande cha boksi. Sikumwamini. Kesho yake nilimsindikiza kliniki kwa makusudi, nikamuuliza muuguzi. Siku zote nne alikuwa amefika.

Basi, wewe kijana mwenzangu unayesoma hapa, huenda na kwenu kipo kikao kama kile, au kinakuja. Watabishana kuhusu karibu na mbali. Mimi naomba muulizane jambo la chini zaidi: kesho asubuhi mgonjwa atafikaje kliniki, na keshokutwa, na mwezi wa nne mvua inaponyesha na hela imekwisha? Pito ilikuwa karibu na mama na mbali na dawa. Dar ilikuwa karibu na dawa na karibu zaidi na kijiwe. Kwingine jibu litakuwa tofauti. Ila mgonjwa mwenyewe aulizwe, na aulizwe mapema kuliko tulivyofanya sisi. Na tusidanganyane kuhusu bei. Sisi tulilipa maksai wawili, tulilipa msiba wa bibi, na mimi nilikwenda chuo mwaka 2021, nikakaa darasa moja na watoto walionikuta shuleni kwetu wakiwa kidato cha kwanza. Zipo siku bado namkasirikia kaka. Yeye anajua.

Hajarudi kuishi Pito. Ana meza yake ya mitumba Mbeya, ana mke, dawa bado anakunywa. Baba mdogo kila Krismasi huuliza atamaliza lini kikombe hicho. Mama haulizi hivyo. Kila siku saa mbili na nusu asubuhi, iwe masika au ile baridi ya Juni, anatoka nje ya nyumba, anapanda kwenye kile kichuguu ambako mtandao unashika, anapiga simu Mbeya. Wala haanzi na salamu.

"Umekunywa?"

Akishajibiwa, ndipo anauliza habari za asubuhi.