Sahihi za Vitabu Mjini Palma

Pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kusini ya mto Ruvuma, ni nchi ya Waswahili, Wamwani na Wamakonde. Maandishi si jambo geni huko. Katika karne ya 19 masheikh wake waliwaandikia watawala wa Kireno barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, wakianza kwa kumtaja mwandikiwa kwa heshima. Baadhi zimehifadhiwa Maputo hadi leo.

Desturi hiyo niliikuta hai Palma, nilipopeleka kitabu changu cha kwanza. Duka la vitabu sikuliona. Niliwekewa meza barazani, nikatia sahihi nakala 11. Lakini sahihi yangu pekee haikuwatosha wanunuzi. Askari mmoja alitaka jina la mkewe litangulie. Bibi mmoja, ambaye nyumba yake iliteketea na nyaraka zake zote katika shambulio la Machi 2021, alitaka lake kwa herufi za Kiarabu. Nikaliandika. Akalisoma kwa sauti, herufi baada ya herufi, ndipo akatoa fedha.

Basi mwandishi chipukizi atakayefika huko na aulize kwanza jina la msomaji, kisha ashike kalamu.